Barua kwa mwanangu: vile vitabu ulivyosema umeshavisoma

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa goti la baba yako ambalo limeanza tena, na mwenyewe hataki kusikia habari ya daktari. Nadhani wewe atakusikiliza. Mpigie, lakini usimwambie kwamba nimekutuma.

Nakuandikia kwa ajili ya neno ulilolisema siku ulipokuja kuchambua vitu vyako vya safari. Nilikuuliza, na vitabu je? Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Hivyo nimeshavisoma, mama," ukafunga boksi, ukaendelea kukunja nguo. Sikusema kitu kwa sababu gari lilikuwa linakusubiri nje. Lakini neno lile limenikaa rohoni. Umeshavisoma. Kana kwamba kitabu ni deni, mtu akishalilipa basi, hana haja ya kupita tena mlangoni kwa mdai.

Ungesema ni uzito wa mzigo, ningekuelewa. Ungesema simu siku hizi inabeba kila kitu, hilo nalo tungeliongea. Hukusema hivyo. Na ninachokiogopa, mwanangu, nami nitakisema mpaka uchoke, ni kwamba unakwenda mbali na sisi hali umezoea kuvimaliza vitabu, hukai navyo.

Usidhani sioni ulipofika. Watu wakiniuliza habari zako nawajibu kwa urefu kuliko walivyotaka kusikia. Ile barua yako ya kuombea nafasi nimeisoma mara nyingi, na kila mara namwona ndani yake mtu aliyelelewa na vitabu: kila neno lina kazi yake, na pale mwishoni ulipowaeleza kwa nini unaitaka kazi ile, hukupayuka wala hukujidhalilisha. Baba yako machozi yalimtoka, ingawa ukimwuliza atakana. Kwa hiyo sisemi hujui kusoma. Unajua kusoma kuliko nilivyojua mimi katika umri wako, na ndiyo maana linaniuma zaidi.

Ulinionyesha kwenye simu orodha ya vitabu ulivyosoma mwaka jana. Ni vingi kuliko wiki za mwaka, nami nilifurahi kama mama yeyote. Kisha nikakuuliza habari ya kimoja, kile ulichonisifia kila ulipopiga simu kwa mwezi mzima. Nilitaka kujua yule dada mkubwa aliyebaki nyumbani kumtunza bibi yake aliishia wapi. Ukasita. Ukaniuliza, "Yupi huyo?" Mwanangu, ni wewe uliyeniambia habari zake. Ni wewe uliyeniambia kwamba ulishindwa kulala kwa ajili yake. Na haukuwa umepita hata mwaka.

Tena vingine unavisikiliza, na msomaji wake umemkimbiza mara mbili ya mwendo wa sauti ya mtu. Sina ugomvi na kusikiliza. Tenzi zetu watu walizisikiliza zikighaniwa kabla wengi wao hawajaweza kuzisoma kwa macho, na zikawakaa kichwani kuliko zinavyotukaa sisi. Lakini hakuna aliyemwambia mghani aharakishe. Ubeti ulikuwa unaachiwa nafasi ya kutua.

Nakuuliza basi, na ningependa jibu: katika orodha ile nzima, kipo hata kimoja ulichokirudia?

Namna ninavyosoma unaijua, kwa hiyo sitakueleza habari za alfajiri na ile taa ya mezani. Nitakueleza usilolijua, kwa sababu hujawahi kufunua jalada la nyuma la kitabu changu chochote. Upande wa ndani, chini kabisa, kila ninapomaliza kukisoma naandika kwa penseli mwezi na mwaka, na pembeni yake jina la mtu ambaye safari hiyo nilikuwa upande wake. Basi. Sijaandika maoni wala muhtasari. Jina tu, au maneno mawili matatu. Nilianza zamani kabla hujazaliwa, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani ni jambo langu. Sasa unaondoka, nataka ulijue.

Chukua riwaya ya Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, hajafikisha miaka 30, na kwa wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni. Sisi wasichana tuliisoma kwa kujificha, tukipokezana nakala moja iliyokwisha kupoteza jalada. Nilipopata nakala yangu mwenyewe nikaisoma upya bila hofu, na nikaandika jina la Rosa, nikalipigia mstari chini. Nilikuwa upande wake kwa kila kitu. Zakaria, baba yake, nilimchukia kwa ulevi wake na kwa kile kipigo cha mwanzoni, Rosa anapopata barua ya mvulana.

Nikiwa nimekwisha kuolewa niliirudia. Safari hiyo aliyenishika ni Regina, yule mama. Mara ya kwanza nilikuwa nimempita tu, nikimwona ni mtu wa jikoni asiye na la kusema. Kumbe yumo, anaona, anajua, na nguvu hana. Nilikaa nimekishika kitabu nikijiuliza nilimpitaje mtu aliyekuwa mbele ya macho yangu wakati wote.

Kisha nikaisoma tena mwaka ule uko kidato cha pili, mwaka wa mambo ya simu, ambayo mimi na wewe tunayajua na sina haja ya kuyarudia hapa. Nenda kauangalie mstari wa mwaka huo. Nimeandika "Zakaria", nikaweka alama ya kuuliza. Kesho yake asubuhi ndipo nilipokurudishia simu yako. Hukuniuliza kwa nini, nami sikukuambia.

Kitabu ni kilekile, mwanangu. Hakuna herufi iliyohama. Lakini Rosa Mistika iliyonisaidia kukulea ni ile niliyoipata baadaye sana, na kama ningeridhika kwamba nimeshaisoma nisingeikuta. Wewe umeisoma ukiwa na miaka kumi na saba, kwa siku mbili, na ukaniambia inahuzunisha. Ni kweli inahuzunisha. Na baada ya hapo?

Adili na Nduguze ulikipenda ulipokuwa mdogo kwa sababu ya majini na manyani, nami nilikuachia ukipende hivyo, maana ndivyo mtoto anavyopaswa kukipenda. Sasa wewe ni mtu mzima. Rudi kwenye ule usiku ambao Ikibali, mgeni wa Adili, yuko macho bila mwenyeji wake kujua. Anamwona mtawala mzima, mtu wa haki, mtu anayependwa na raia zake, anakwenda kwa wale manyani wawili na mjeledi mkononi. Anawachapa. Anawachapa na moyo wake mwenyewe unaumia, kisha anawapa chakula na kuwabembeleza. Kesho usiku ni vilevile. Na wale manyani, Hasidi na Mwivu, ni ndugu zake wa tumbo moja waliotaka kumwangamiza. Shaaban Robert alikiandika kitabu kile kwa Kiswahili ambacho mtoto anakifuata bila taabu, kikatoka mwaka 1952, na ndani yake ameweka swali ambalo watu wazima wengi hawathubutu kuliuliza: utafanya nini na ndugu aliyekukosea, ikiwa adhabu yake imewekwa mikononi mwako?

Ulipokuwa mdogo uliuona mjeledi. Sasa una ndugu wa kugombana nao, hebu tazama ule mkono unaobembeleza baada ya mjeledi. Katika jalada langu, mwaka ule mimi na mama yako mdogo tulipokuwa hatusemezani, nimeandika "Hasidi na Mwivu". Mama yako mdogo anakusalimu sana, kwa kweli, na anasema lazima aje kukuaga, usiondoke kabla hajafika.

Na mwezi huu nimo ndani ya Kusadikika, na sababu ni wewe. Kilipotoka mwaka 1951 kilikuwa kitabu kidogo cha nchi inayoelea hewani, na wengi wameuona humo utawala wa kikoloni wa wakati ule. Sisi shuleni tulifundishwa kuzitazama hoja za Karama, yule mshtakiwa, mbele ya baraza, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikiulizwa kwenye mtihani, na nikapasi vizuri. Safari hii ninasoma habari za wale wajumbe sita. Mmoja anatumwa mashariki, mwingine magharibi, mwingine kaskazini, mwingine kusini, mwingine mbinguni, mwingine ardhini. Kila mmoja anakwenda kwa taabu. Kila mmoja anarudi na jambo jema alilolikuta kwa wengine, analileta kwao kwa furaha. Na kila mmoja anatiwa kifungoni kwa hilo.

Unajua namtafuta nani humo? Wazazi wao. Shaaban Robert hakuwaandika, lakini lazima walikuwapo. Namfikiria mama yake Buruhani, mjumbe wa kwanza, siku mwanawe anaaga. Nilipokuwa mwanafunzi nisingemfikiria hata kwa dakika moja. Jalada la nyuma bado sijaliandika, maana sijamaliza, na sina haraka. Ila wewe nenda upande wako, urudi na ya huko, na ukirudi usiogope kutusimulia. Hata yale ambayo baba yako hatayapenda.

Sasa nije kwenye lile lililonigusa kuliko yote, nalo si riwaya.

Utenzi wa Mwana Kupona niliupata nikiwa msichana, nami niliuchukia. Beti baada ya beti za namna ya kumtii mume, namna ya kumhudumia, namna ya kumpumzisha asisumbuliwe. Moyo ulinichemka. Niliandika pembeni maneno ambayo sitaki mdogo wako ayaone, nikaufunga, na kwa miaka mingi nikawa naamini nimeusoma na nimeuhukumu. Mtu akiutaja nilikuwa na maoni tayari. Maoni yangu yalikuwa makali na watu waliyasifu.

Kisha nikaugua ule ugonjwa. Wewe ulikuwa bado mdogo, sijui unakumbuka kiasi gani, na sitaki kukukumbusha. Katika vitabu nilivyoletewa wodini kulikuwa na kimoja cha tenzi za kale. Nikaufungua ule wa Mwana Kupona kwa kukosa kingine. Na pale mwanzoni kabisa, kabla ya habari za mume, kabla ya adabu na heshima, nikakuta kitu ambacho nakuapia sikuwahi kukiona: mama mgonjwa. Maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake asogee, akae karibu, alete wino na karatasi. Ni mwaka 1858, mume wake amekwisha kufariki, binti bado ni msichana, na yeye anajua hana muda. Anachukua kila alichonacho cha kumlinda mtoto wake katika dunia aliyoijua yeye, dunia ile na si nyingine, anakipanga kwa vina ili mtoto aweze kukishika kichwani hata karatasi ikipotea.

Mengi anayomwambia bado sikubaliani nayo. Hata leo. Wala sikutumii utenzi ule kwa ajili ya habari za mume, hayo utayajua mwenyewe kwa wakati wako. Lakini niliusoma pale kitandani nikilia, kwa sababu usiku nilikuwa nalala nikihesabu mambo ambayo sijakuambia. Nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa nabishana na mashauri yake bila kumtazama usoni mtu anayeyatoa. Naogopa usije ukaishi na maoni makali juu ya vitabu ulivyovipita mara moja, ukasifiwa kwa maoni hayo, na asiwepo wa kukuambia rudi.

Huko uendako watakusifu, nakuhakikishia. Unaongea vizuri.

Utaniambia riwaya za upelelezi hazina haja ya kurudiwa, maana ukishamjua mwuaji limebaki nini? Limebaki lile zuri zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, ndiyo naisoma nikiwa na homa. Mara ya kwanza unamfuata Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake. Ukirudia, unamfuata mwandishi: unaona alivyoliweka jambo mezani, waziwazi, tukalitazama wote tusilione. Ni raha ya namna yake, na wewe utakayekuwa ukiandika ripoti kazini ungejifunza humo jinsi ya kupanga habari.

Riwaya ya Nagona usiibebe sasa. Iko rafu ya juu, ni nyembamba, utaimaliza kwa jioni moja na utaiweka kwenye orodha yako, na hicho ndicho ninachokiogopa. Kezilahabi aliiandika tofauti kabisa na zile za mwanzo. Ilipotoka mwaka 1990 wapo waliomshangaa. Kila ninapoirudia nafikia mahali pengine. Ikusubiri mpaka uwe na mwaka mmoja mgumu.

Mashairi yasome kwa sauti. Nimeshakuambia na hufanyi. Muyaka wa Mombasa alikufa mwaka 1840 na beti zake zilitunzwa na vichwa vya watu kabla ya kutunzwa na karatasi, sasa wewe unazitelezesha kwa kidole. Ubeti mmoja ukae nao wiki nzima, uuseme ukioga, uuseme ukisubiri basi. Mwisho wa wiki utaona kwamba mstari uliodhani umeuelewa ndio uliokuwa umekupita.

Na kitabu kibovu kiache njiani. Hili nalisema kwa sababu najua utanishika maneno, utasema mama ameniamuru nikae na kila kitabu mpaka kaburini. Hapana. Kisipokushika ukafika hata theluthi, kifunge, kirudishe, usione haya. Muda unaookoa hapo ndio wa kurudia kile kinachostahili. Wewe unafanya kinyume: kibovu unakikazania mpaka mwisho ili kihesabiwe, na kizuri unakiaga siku hiyohiyo.

Tumia penseli, usitumie kalamu ya wino. Ukiandika kwa wino leo, kesho utaona haya na hutaweza kufuta. Mimi ninazo kurasa za namna hiyo. Usikunje pembe za kurasa. Kamusi uwe nayo ya karatasi karibu na mto, kwa sababu ukilitafuta neno kwenye simu utakuta ujumbe wa mtu, na hutarudi kitabuni usiku huo. Simu ni nzuri kwa magazeti na kwa vitabu vya kazi, sikatai. Vile vya kurudia viwe vya karatasi, upate mahali pa kuandika.

Na tukiwa hapohapo, nakala yangu ya Siku Njema uliyomwazima rafiki yako bila kuniuliza haijarudi mpaka leo. Naijua riwaya, ninaweza kupata nyingine ya Ken Walibora hata kesho. Lakini ile niliisoma mara ya kwanza mwaka 1996, mwaka uleule ilipotoka, na nikairudia kila nilipomkumbuka baba yangu, kwa sababu ya yule Kongowea anayevuka nchi kumtafuta baba asiyemjua. Nilikuwa na mistari mingi nyuma ya jalada lile. Nakala mpya haina habari zangu. Mwulize tena rafiki yako, kwa upole, atazame chini ya kitanda, atazame kwao. Akisema kimechakaa mwambie hata kikiwa vipandevipande nakitaka. Sikuwahi kukukaripia kwa hilo, na sasa sikukaripii, ila nimelisema.

Boksi lako nililiinua sakafuni jana. Nashukuru niliinua. Mchwa walikuwa wamekwisha kupanda kwenye mguu wa rafu ya chini, wametengeneza njia yao ya udongo mpaka kwenye mbao ya kwanza. Wamekula pembe ya ile atlasi ya zamani na jalada la daftari lako moja la shule. Vingine vyote vimepona. Tumevitoa nje vyote, tumevipanga juani, tukavifuta kimoja kimoja, na baba yako pamoja na goti lake akajifanya ndiye msimamizi. Fundi atakuja kuitia dawa rafu na kuinyanyua kidogo kutoka ukutani, kwa sababu ukuta ule unyevunyevu unapenya tangu mvua zilizopita. Mpaka hapo vitabu viko chumbani kwako, juu ya kitanda chako, kwa hiyo ukija kuaga utalala na mdogo wako.

Yeye naye anakiulizia hicho chumba. Nimemwambia asubiri kwanza uondoke, ana haraka ya nini. Lakini nimemkuta mara mbili amekaa pembeni ya kitanda chako anasoma, miguu imening'inia, mlango ameuegesha. Alikuwa anasoma Adili. Sikumwuliza yuko ukurasa gani.

Vyeti vyako vyote toa nakala, seti moja ibaki huku, moja ukae nayo mkononi, usiitie kwenye sanduku kubwa. Yule mtu wa ofisi aliyekuambia nakala hazihitajiki huenda anasema kweli, lakini wewe toa. Dawa zako za pumu chukua za kutosha, usingoje kuzitafuta huko ukiwa mgeni. Na ule ufunguo wa kabati uliuweka wapi? Tumeutafuta kila mahali.

Nimekutolea vitabu vitatu. Sikukuchagulia vingi kwa sababu ya uzito, na kwa sababu nataka uvirudie hivyo hivyo mpaka uvizoee. Kusadikika nitakupa nikimaliza, hata kama ni siku ya mwisho. Adili na Nduguze, baada ya mdogo wako, na nimeshamwambia. Na Rosa Mistika. Hiyo nilifikiria sana kama nikupe nakala mpya nibaki na yangu. Nimeamua kukupa yangu. Usisome majalada ya nyuma kwanza. Soma kitabu, andika jina lako na la mtu wa upande wako chini ya mistari yangu, kisha ndipo usome ya juu. Ukimaliza niandikie barua, barua ya kweli, usinitumie alama za vidole gumba kwenye simu. Niambie ulikuwa upande wa nani. Na mwaka mwingine niandikie tena kuhusu kitabu hichohicho.

Sanduku likizidi uzito, toa vile viatu vyekundu. Huvivai.

Kaka yako atakuletea Jumamosi mchana blanketi na fomu zile baba yako alizokwisha kutia sahihi. Pokea simu yake, juzi alikupigia mpaka akakata tamaa. Na kuhusu daktari wa goti, ukimpigia baba yako mpigie jioni baada ya taarifa ya habari, akiwa ametulia.

Nakupenda sana.

Mama yako